Niwekee Jua

Kiyoyozi cha Naima kilikuwa kinawaka lakini hakipulizi. Ukikibonyeza kinalia mlio wake mmoja mwembamba, kijitaa cha kijani kinatokea, mdomo wa mbele unafunguka taratibu kama mtu anayetaka kusema neno, halafu kimya. Hakuna upepo.

"Na lenyewe limekaa eda," alisema Somoe uani, akichambua mchele na majirani wawili wa hapo Tandika. "Mume kafa, mke kajifungia ndani, na AC nayo imefunga mdomo. Nyumba hii mie nimebaki peke yangu wa kuongea."

Majirani wakacheka, kisha wakaziba midomo kwa ncha za khanga, maana dirisha la mfiwa lilikuwa wazi na hawakujua kama amelala.

Naima hakuwa amelala. Alisikia yote, wala hakukasirika. Somoe alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa marehemu Twaha, na ndiye aliyekubali kuacha kwake akahamia pale kumtunza mfiwa mpaka eda iishe. Mdomo wake haukuwa na komeo, lakini uji ulifika wa moto kila asubuhi, na maji ya kuoga yalikuwa tayari kabla hayajaombwa. Mtu wa hivyo unamwacha aseme.

Tena Naima mwenyewe hakuwa mtu wa maneno. Tangu alipoacha shule akiwa darasa la tano kwenda kulea wadogo zake, alizoea kukaa pembeni ya mazungumzo ya watu. Hata alipoolewa, mtaani walimjua kwa salamu tu. Aliyemjua kwa maneno ni Twaha, na hata yeye ilibidi ayangoje.

Twaha alikuwa fundi rangi. Kiyoyozi hicho alipewa Msasani, kwenye nyumba aliyoipaka ndani na nje. Wenye nyumba walikuwa wageni wa nchi za baridi, wanarudi kwao, wakamwambia achukue. Alikileta Tandika juu ya guta, kimefungwa kwa blanketi, na mtaa mzima ukatoka kushangaa.

"Twaha, bati lako linavuja, wewe unaweka AC?" walimuuliza.

"Linavuja mvua," akawajibu. "Baridi halivuji."

Kuanzia siku hiyo kila usiku ulikuwa na mchezo wake. Twaha anachukua rimoti, anashusha namba mpaka kumi na sita, chini kabisa, anajitupa kitandani kifua wazi. Kwenye kioo cha rimoti palikuwa na kipicha kidogo chenye matawi sita. Fundi aliyekifunga aliwaambia ni theluji. Twaha akasema theluji haijui, yeye anaona ua. Basi ikawa ndiyo lugha ya chumba kile. "Nimeweka ua, mama. Lala."

Naima baridi ilikuwa inamtesa. Lakini kusema hakusema. Alikuwa akivuta blanketi mpaka kidevuni, pole pole, na Twaha gizani anaanza kucheka.

"Sema basi. Sema, 'Twaha, nasikia baridi.' Si una mdomo?"

Yeye anavuta blanketi tena. Twaha anapandisha namba. Wakalala hivyo miaka yote iliyofuata, katika ule mvumo mzito wa feni, kama mtu mkubwa anayepumua chumba kimoja nao.

Mwezi wa saba Twaha akaanza kukohoa. Kikohozi kikaingia homa, homa ikaingia mapafu. Mtu aliyekuwa akilala kifua wazi akawa anatetemeka chini ya blanketi na khanga tatu juu yake. Asubuhi moja alimwambia Naima, meno yakigongana, "Niwekee jua."

Naima akaenda mbio akavuta pazia. Jua la asubuhi likaingia, likamwangukia Twaha miguuni. Yeye akatikisa kichwa, akatabasamu tabasamu la uchovu. "Haya, basi," akasema. Naima akatoka kwenda kumpashia maji. Kesho yake walimpeleka hospitali, na nyumbani alirudishwa wa kuzikwa.

Matanga yalipokwisha na watu wakatawanyika, jambo la kwanza alilofanya Naima lilikuwa kuchukua rimoti na kubonyeza kile kitufe kikubwa. Alitaka kulala tu. Mlio, taa, mdomo ukafunguka, kimya. Akabonyeza siku ya pili. Akaendelea kubonyeza kila siku, hata baada ya joto la mwisho wa mwaka kushuka juu ya bati na chumba kuwa kama ndani ya chungu. Rimoti aliiweka chini ya mto. Kile kitufe kikubwa kilikuwa na alama ya rangi ya maziwa, dole gumba la Twaha, kutoka jioni alizorudi kazini akakimbilia baridi kabla ya kunawa. Vitufe vingine vilikuwa safi, na kioo hakukisoma; hiyo ilikuwa kazi ya Twaha.

Wazee wa upande wa Twaha walikuwa wamekwisha sema. Fundi aje aangalie. Kama feni imekufa, kishushwe siku hiyo hiyo, tundu lizibwe, mfiwa apate hewa ya dirisha kubwa. Somoe alimletea habari hiyo kwa upole.

"Wifi, chuma kisichofanya kazi ukutani cha nini? Si kinakuongezea joto tu?"

Naima aliinama. Angemweleza vipi? Hakuwa na haja ya ubaridi. Alikuwa na hamu ya ule mvumo. Walau mara moja, ausikie tena akiwa amefumba macho, kabla hawajaubeba kama walivyombeba mwenyewe.

*

Fundi aliitwa Gozbert. Alitoka Mbezi Luis asubuhi na mapema, mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye begi la vyuma begani. Somoe alimpokea mlangoni na masharti yake.

"Karibu, fundi. Chumba hicho hapo. Mwenyewe yuko kile chumba cha pili, nyuma ya pazia. Humwoni, wala huzungumzi naye. Una neno, niambie mie."

"Anaumwa, mama?"

"Yuko eda."

"Eda ndiyo nini?"

"Kafiwa na mumewe. Anakaa ndani mpaka muda wake utimie. Wanaume wa kando hawamwoni, wala sauti yake hawaisikii."

Gozbert akavua kofia. "Pole yake. Basi muulize, mama: hii feni ilianza kwa kupungua nguvu, au ilikata ghafla?"

Kati ya vyumba viwili palikuwa na ukumbi mwembamba wa hatua chache, na Naima alisikia kila neno. Hata hivyo Somoe aliuvuka, akaingiza kichwa kwenye pazia, akanong'ona kwa nguvu kuliko fundi alivyosema.

"Anauliza, lilianza kudhoofika au lilikata kauli mara moja?"

Naima alihisi neno lile likimchoma pale pale. "Mara moja," akasema.

"Mara moja!" Somoe akapeleka.

"Mashine ya nje inanguruma mkiwasha?"

"Wifi, kule nje kunanguruma?"

"Hakungurumi."

"Hakungurumi, fundi. Ila huyo ni mpole, hata kungenguruma asingesema."

Gozbert akapanda ngazi. Naima alifuata kazi yake kwa masikio. Alisikia bisibisi, kisha mfuniko ukitoka, kisha fundi akipiga chafya.

"Vumbi, mama! Ila hii mashine naijua. Si ya Msasani hii? Nilishawahi kuisafisha kule. Ona, hili ndilo roli la feni. Nalizungusha kwa kidole, linateleza vizuri, halijakwama. Ngoja niangalie kapasita, ile inayoisukuma feni ianze."

Vyuma vikagongana ndani ya begi. "Kapasita nzima," akasema, na sauti yake ilikuwa na mashaka kidogo. "Itakuwa mota. Naomba niipe umeme wa moja kwa moja. Ikikataa hapo, mama, tuzungumze mengine."

Somoe akauvuka tena ule ukumbi, safari hii polepole. "Wifi," akasema, na hakutania. "Umesikia?"

Naima alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

Feni ikavuma.

Haikuvuma kwa muda mrefu, kiasi cha mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Lakini ulikuwa mvumo ule ule, mzito, na ule mkwaruzo mdogo mwanzoni ambao Twaha aliuita kukohoa kwa mzee. Naima akafumba macho. Kabla hajaufaidi ukakatika.

"Mota nzima!" Gozbert alisema kwa mshangao. "Feni haina ugonjwa. Sasa nani anaizuia? Rimoti iko wapi?"

"Rimoti ni nzima," Somoe akajibu. "Taa si inawaka?"

"Kosa langu, mama, ningeanza nayo. Naomba niione."

Naima aliitoa chini ya khanga yake. Somoe alinyoosha mkono, akangoja, mpaka ikabidi aivute. "Inarudi, wifi. Haendi nayo Mbezi."

Gozbert aliishika karibu na dirisha, akainamia kioo chake. Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu mwema aliyetua mzigo.

"Jua! Mama, mmeweka jua! Tangu nianze kazi hii, Dar nzima sijamwona mtu akaweka jua. Mbeya sawa, Makete sawa. Tandika? Nani kaliweka hili?"

"Jua gani?" Somoe akauliza.

"Hii picha hapa. Hii ni ya kupasha joto. Mashine za hawa wageni zinafanya yote mawili. Sasa imewekwa jua, halafu namba kumi na sita. Yenyewe inapima chumba, inakuta kina joto kupita hiyo kumi na sita, inaona kazi yake imekwisha. Inashika feni yake, inakaa. Haijaharibika. Inasubiri. Nikibonyeza hapa tu..."

"Fundi, usibonyeze!"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia, kali, kubwa. Gozbert akabaki na kidole hewani. Somoe alimgeukia mwenye sauti kama amesikia ukuta ukisema.

"Wifi! Mwanaume huyo!"

"Najua, wifi. Mwambie asibonyeze."

"Nimesikia, mama," akasema Gozbert taratibu. "Sijabonyeza."

Naima alisogea mpaka pazia likamgusa uso. Maneno yalimtoka moja moja. "Mtu akitaka joto, anaweka hilo jua?"

Gozbert akamtazama Somoe kama anaomba ruhusa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Somoe alikuwa hana la kupeleka wala la kurudisha.

"Ndiyo," akajibu fundi.

"Na upepo wa moto unatoka?"

"Unatoka, kama chumba kina ubaridi kuliko ile namba. Mwezi wa saba, mathalani, chumba kikiwa kimepoa, ungeweka jua, ukapandisha namba mpaka ishirini na nane, thelathini, ungetoka. Kwa kumi na sita hautoki."

"Hakujua namba," Naima akasema. "Alizoea kushusha."

Gozbert akashusha rimoti.

"Aliniambia, 'Niwekee jua,'" akasema tena, na sasa alikuwa anasema na Somoe, lakini hakushusha sauti. "Nikamvutia pazia, wifi. Nikamletea jua la nje. Kumbe alitaka hili. Nilivyotoka akaliweka mwenyewe."

Somoe akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha ndugu yake. Aliivuta khanga ikamfunika uso. Gozbert alitazama ngazi yake, kisha sakafu.

"Mama, mie sitagusa jua lake," akasema hatimaye. "Mkiruhusu nitapandisha namba tu. Nifike thelathini, ndiyo mwisho wake. Ila niseme ukweli, haitavuma sasa hivi. Chumba hiki chenyewe kimepita thelathini. Mkitaka baridi, kitufe ni hiki kilicho chini ya kile kikubwa, mnabonyeza mpaka ile picha ya theluji."

"Ua," Naima akamsahihisha.

"Mpaka ua, basi."

Akabonyeza namba juu, moja moja, mlio baada ya mlio. Akarudisha mfuniko, akaiacha mashine imewashwa, akafuta vumbi aliloangusha, akamkabidhi Somoe rimoti kwa mikono miwili. Mlangoni alisimama akasema kuelekea ukumbini, bila kutazama, "Poleni sana. Feni yenu nzima. Msikishushe."

*

Mchana ule mawingu yaliyokuwa yakitishia wiki nzima yakajaa upande wa Mbagala. Naima alikuwa amerudi chumbani kwake. Alikaa kitandani na rimoti mapajani, akikitazama kile kipicha cha jua. Zile jioni za kazi Twaha aliacha alama ya rangi. Siku ile ya mwisho mikono yake ilikuwa imenawishwa mara nyingi, safi mno, haikuacha kitu. Kilichobaki ni kipicha chenyewe, na kidole kimoja kingetosha kukifuta.

Mvua ya vuli ikaanguka yote kwa pamoja. Bati likanguruma. Somoe akasikika uani akikimbizana na nguo za kwenye kamba, akilitukana sufuria lililokuwa halionekani, kisha akilipata na kulitega palipovuja ukumbini. Dirishani upepo wa mvua ukaingia, wenye harufu ya udongo, ukalipeperusha pazia. Joto la chungu likaanza kutoka. Naima alihisi jasho la shingoni likikauka.

Nje ya ukuta kitu kikanguruma. Alidhani ni lori barabarani. Ngurumo ikatulia hapo hapo, haikupita. Naima akainua uso.

Mashine ya nje ilikuwa inafanya kazi.

Hakusogea. Alikitazama kiyoyozi jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa aliyetikisa kidole. Mdomo wake ukashuka kidogo. Kikatulia. Kikakohoa kile kikohozi cha mzee, na feni ikaanza, kwanza kwa uvivu, kisha nzito, kisha mvumo kamili. Na upepo uliotoka ulikuwa wa moto.

Naima alifunga dirisha. Akavuka kitanda mpaka upande wa ukutani, upande wa Twaha ambao hakuwa ameulalia tangu afe. Akanyoosha miguu pale pale jua la pazia lilipomwangukia mumewe, akauacha upepo umpitie.

"Limekuja, Twaha," akasema.

Somoe akaingia amelowa chapachapa, khanga imemganda mwilini, mdomo tayari umefunguka kulalamikia mvua. Upepo ukampiga usoni. Akasimama.

"Ndilo lile?"

"Ndilo."

"Jamani." Aligeuka huku na huku, upepo ukimkausha mgongo na kifua. Kisha akapanda kitandani na unyevu wake, akakaa bega kwa bega na Naima. Wakakaa hivyo muda mrefu, kila mtu na anayemfikiria, na aliyefikiriwa ni mmoja.

"Tangu mdogo huyu alikuwa anapendaga baridi," Somoe akasema. "Mama anamtandikia mkeka, usiku unamkuta katambaa kwenye saruji. Sijapata kumsikia anaomba joto."

"Aliomba siku moja."

"Na kapewa leo." Somoe alijifuta uso, na safari hii hakutumia ncha ya khanga, alitumia kiganja kizima. Baadaye kidogo akahema. "Wifi, nakupenda, na ndugu yangu nampenda, ila mie naiva. Chumba kimekuwa tanuri."

Naima akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, nacho kilimshtua mwenyewe.

Aliitazama rimoti. Jua lilikuwa pale pale. Lilichotumwa limekwisha kukifanya. Akatafuta kitufe alichokitaja Gozbert, akakibonyeza. Jua likatoweka. Kikaja kipicha kingine, akabonyeza tena, na kingine, mpaka kwenye kioo likachanua ua lenye matawi sita. Feni ikanyamaza. Naima akazuia pumzi. Halafu ikavuma tena, na upepo ukaanza kupoa polepole, kama chai iliyosahauliwa.

Akashusha namba kwa mkono wake, moja moja, mpaka kumi na sita.

"Alhamdulillahi," alisema Somoe, akajinyoosha, na kabla sufuria la ukumbini halijajaa alikuwa amelala, mdomo wazi.

Mvua ikawa nyembamba. Baridi ikafika, ile yenyewe, ikamwingia Naima vidoleni, ikampanda mikononi. Alivuta blanketi mpaka kidevuni, pole pole, kama zamani. Akangoja. Feni ilivuma. Hakuna aliyecheka, na namba haikupanda.

"Twaha," akasema, kwa sauti iliyosikika vizuri mpaka ukutani. "Nasikia baridi."

Somoe akajigeuza usingizini. "Eeh? Unasemaje, wifi?"

"Hamna kitu. Wewe lala."

Akaiweka rimoti chini ya mto, akaiacha namba pale pale ilipokuwa.